Aikoni 214 kwenye skrini moja: kisa cha ofisi ya uwakala wa forodha, Malaba

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja upande wa Uganda wa mpaka wa Malaba, wilaya ya Tororo. Ina meza mbili, printa moja yenye skana, na kompyuta moja ya mezani inayotumia Windows 10. Karani wa nyaraka ndiye anayeikalia kutwa. Wakala mwenye leseni huingia, hutuma tamko kwenye mfumo wa ASYCUDA wa mamlaka ya mapato, URA, kisha hutoka. Kijana wa nje hukimbia na karatasi kati ya malori, maegesho na kaunta. Kazi kubwa ni bidhaa zinazotoka Kenya: chumvi, sabuni, vigae, mabati. Kila shehena huja na karatasi zisizopungua sita: ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha asili ya bidhaa, hati ya lori, tamko la forodha na risiti ya kodi. Nyingine huingia kwa barua pepe, nyingine kwa WhatsApp, nyingine kwa flashi ya dereva, zilizobaki hupitia skana.

Zote zilikuwa zinatua mahali pamoja: desktopu, ule uso wa kwanza unaouona kompyuta ikishawaka. Siku zilipohesabiwa zilipatikana aikoni 214. Faili za PDF 96, picha 38 zilizotoka WhatsApp, nyaraka za Word 27, majedwali ya Excel 19, folda 11, na njia za mkato (shortcut) za programu 23. Skrini haikuweza kuzibeba zote; zilizozidi hazikuonekana mpaka mtu afungue folda ya Desktop ndani ya File Explorer. Kwa hiyo karani alikuwa anapanga kazi yake ya siku kwa kutazama ukurasa ambao sehemu yake imekatwa, wala hajui kuwa imekatwa.

Kilichofanya jambo hili lisivumilike tena ni ankara moja ya vigae. Msafirishaji alituma ankara ya kwanza, akagundua idadi ya maboksi imekosewa, akatuma ya pili. Karani alizihifadhi zote mbili kwenye desktopu, moja ikiitwa "ankara FINAL", nyingine "ankara FINAL mpya". Siku mbili baadaye mteja aliomba nakala ya ankara ya mwanzo ili alinganishe, karani akaipakua tena kutoka kwenye mazungumzo ya WhatsApp, na kompyuta ikaipa jina "ankara FINAL (1)". Lori lilipofika, karani alifanya kile ambacho mtu makini angefanya: alipanga faili kwa tarehe na kuchukua iliyo juu. Iliyokuwa juu ni ile ya zamani.

Hapa pana jambo la kuelewa vizuri, maana limewaponza wengi. Tarehe ambayo Windows huonyesha kwenye safu ya "Date modified" kwa faili uliyopakua ni, kwa kawaida, saa uliyoipakua wewe. Haisemi waraka uliandikwa lini. Ankara ya wiki iliyopita ukiipakua leo, itakaa juu ya ankara iliyosahihishwa jana. Tamko lilikwenda na idadi isiyolingana na orodha ya vifurushi, tofauti ikaonekana kwenye ukaguzi, likabidi kurekebishwa. Lori likalala maegeshoni usiku mzima na dereva wake.

Ofisi ilichukua hatua siku iliyofuata, na hatua hiyo ndiyo iliyoshindwa. Ilifunguliwa folda mpya iliyoitwa "Vitu vya desktop", aikoni zote zikamiminwa humo, skrini ikabaki nyeupe. Kazi ya dakika tano. Baada ya wiki tatu desktopu ilikuwa na aikoni 70, na katikati yake ile folda, na ndani ya folda hiyo folda nyingine yenye jina lilelile. Yeyote aliyewahi kusafisha kompyuta yake mwezi Januari anaijua hali hii.

Wengi wakifika hapo hulaumu uvivu. Sivyo. Desktopu ilibuniwa kwa kuiga meza ya ofisi. Kompyuta ya Xerox Star, iliyotoka mwaka 1981, ndiyo iliyoleta sokoni picha hii ya karatasi na folda zilizotandazwa juu ya meza. Miaka miwili baadaye, 1983, mtafiti Thomas Malone alichapisha uchunguzi wa namna watu wanavyopanga meza zao halisi, na moja ya hoja zake nzito ni kwamba rundo la karatasi mezani hufanya kazi mbili: linahifadhi, na linakumbusha. Karatasi iko pale ili ukiiona ukumbuke kwamba kuna jambo lake halijaisha.

Karani wa Malaba alikuwa anafanya hivyohivyo. Picha ya cheti cha asili iliachwa pembeni kulia kwa sababu muhuri wake haukusomeka na alikuwa anasubiri nyingine. Risiti ya kodi iliachwa chini kwa sababu mteja hajaichukua. Alipoulizwa aikoni moja baada ya nyingine, "hii iko hapa kwa nini?", alikuwa na jibu la kweli kwa 17 tu kati ya 214. Zile 17 zilikuwa orodha yake ya kazi. Nyingine 197 zilikuwa zimezifunika. Ile folda ya "Vitu vya desktop" iliondoa vyote kwa mkupuo, ukumbusho pamoja na takataka, na bila ukumbusho hakuna ofisi inayoendeshwa. Ndiyo maana aikoni zilirudi. Ukimwondolea mtu vikumbusho vyake bila kumpa pengine pa kuviweka, atavirudisha palepale, na ana haki.

Kwa hiyo upangaji wa pili ulianza na zile 17, kabla ya kugusa faili nyingine yoyote. Lilifunguliwa jedwali moja la Excel lenye safu sita: namba ya shehena, mteja, lori, kinachosubiriwa, kinasubiriwa kwa nani, na siku ya kufuatilia. Mistari 17. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito, maana jedwali hupangwa kwa siku hiyo kila asubuhi, na mistari ya leo hupanda juu. Ofisi isiyopenda Excel inaweza kutumia daftari la mistari au ubao ukutani. Tunaona ubao unafaa zaidi pale watu watatu wanapogawana kompyuta moja, isipokuwa kaunta iko karibu na wateja wangesoma majina ya wenzao. Malaba kaunta iko karibu, hivyo likachaguliwa jedwali.

Baada ya hapo ndipo faili zikahamishwa. Diski ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, C na D, na folda kuu iliyoitwa KAZI ikawekwa kwenye D. Sababu inajulikana kwa kila mtu aliyewahi kupeleka kompyuta kwa fundi. Vitu vya desktopu hukaa kwenye C, ndani ya folda ya Users. Fundi akipiga Windows upya kwa kufuta sehemu ya C, desktopu huondoka nayo. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, kompyuta nyingi zinapitia mikononi mwa mafundi, na mteja akiulizwa "una kitu cha muhimu humu?" hujibu hapana, maana hajui kwamba desktopu iko kwenye C. Lakini tusidanganyane: D ni sehemu ya diski ileile. Inakuokoa na kupiga Windows. Haikuokoi diski ikifa.

Kuhamisha kwenyewe kulileta kosa la papo hapo. Karani aliburuta faili 40 kutoka desktopu hadi D, na zote zikabaki kwenye desktopu vilevile. Ukiburuta faili kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyingine, Windows hunakili, haihamishi. Shikilia kitufe cha Shift unapoburuta, au tumia Ctrl+X kisha Ctrl+V. Usipojua hili utamaliza siku ukiwa na nakala mbilimbili za kila kitu, na hapo ndipo ankara mbili za vigae huzaliwa upya.

Ndani ya KAZI zipo folda chache. Moja ya kila mwaka wa fedha, ambao Uganda huanza Julai mosi na kwisha Juni 30: "2025-26", "2024-25", kurudi nyuma. Ndani ya mwaka, folda ya kila mwezi, "2025-07" na kuendelea. Ndani ya mwezi, folda ya kila shehena. Hazikuongezwa ngazi nyingine. Pendekezo la kugawa kwa mteja kwanza lilijadiliwa na kukataliwa: mteja mmoja anaweza kuwa na shehena moja kwa mwaka, mwingine arobaini, na taarifa ya VAT inadaiwa tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo mhasibu anauliza kwa mwezi, haulizi kwa mteja. Mteja akitafutwa, jina lake limo kwenye jina la folda na kisanduku cha kutafutia kitalileta. Folda za miaka ya nyuma hazifutwi, kwani sheria za kodi na forodha zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

Majina ya faili yalichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na yalistahili. Wazo la kwanza la karani lilikuwa kutumia namba ya lori, kwa sababu hivyo ndivyo mpaka mzima unavyozungumza: "lori fulani limeingia?" Lakini lori huharibika njiani, mzigo ukahamishiwa lori jingine. Shehena kubwa hugawanywa malori mawili. Na lori lilelile hupita tena wiki ijayo na mzigo wa mtu mwingine. Kitambulisho kinachobadilika katikati ya safari hakifai kuwa jina. Ofisi ikajitungia namba zake mfululizo, S0412, S0413, zinazotolewa kutoka kwenye lile jedwali la Excel. Lori likabaki safu mojawapo ya jedwali, na likibadilika husahihishwa pale tu.

Jina kamili likawa hivi: 2025-07-22_S0412_ankara_v2. Tarehe huanza na mwaka ili kompyuta ikipanga kwa jina, iwe pia imepanga kwa siku. Na ni tarehe iliyoandikwa kwenye waraka wenyewe, haijalishi ulipakuliwa lini. Karani alijaribu kuandika 22/07/2025, Windows ikakataa: alama ya mkwaju haikubaliki kwenye jina la faili, wala nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza, alama za kunukuu, mstari wima au mabano ya pembe. Neno FINAL lilipigwa marufuku. Waraka wa mwisho hujulikana ukishapatikana mwingine baada yake, kwa hiyo hakuna anayeweza kuliandika kwa haki. Namba za v1, v2, v3 zinasema ukweli wakati wote. Toleo la zamani halifutwi. Ndani ya folda ya shehena huhamishwa kwenye kifolda "zamani", ili anayefungua aone ankara moja tu mbele yake.

Majina pia yasiwe marefu kama hotuba. Windows kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, ukihesabu folda zote zinazoitangulia. Folda moja ya zamani ilikuwa na jina lililonakiliwa kutoka kichwa cha barua pepe, na iligoma kuhamishwa mpaka ilipofupishwa kwa kitufe cha F2.

Desktopu yenyewe ilibakizwa na vitu vitano. Njia ya mkato ya KAZI, njia ya mkato ya lile jedwali, folda iliyoitwa LEO, folda iliyoitwa MAPOKEZI, na pipa la taka. Programu zinazofunguliwa kila siku zilibandikwa kwenye upau wa chini, ambako kitufe cha Windows pamoja na namba 1, 2 au 3 hufungua ya kwanza, ya pili au ya tatu bila kugusa kipanya. Njia za mkato zile 23 zikafutwa. Karani alisita, akidhani anafuta programu. Kufuta njia ya mkato hakuondoi programu, ni kama kung'oa kibao cha barabarani, mji unabaki.

MAPOKEZI ndiyo lango. Skana ilielekezwa kuhifadhi humo. Kivinjari kiliwekwa kiulize mahali pa kuhifadhi kila kinapopakua, badala ya kurundika kwenye Downloads kimyakimya. Skana hii huanza kuhesabu upya kila ikizimwa, hivyo Scan0001 ya asubuhi na Scan0001 ya mchana ni karatasi mbili tofauti. Faili ikikaa kwenye MAPOKEZI bila kupewa jina lake hadi jioni, hakuna anayejua ni nini pasipo kuifungua. Utaratibu ni kuipa jina kwanza, halafu kuihamishia kwenye folda ya shehena. LEO hubeba nakala za kufanyia kazi siku hiyo tu, na hufungwa ikiwa tupu. Kinachobaki kinaandikwa kwenye jedwali, na faili yenyewe inakwenda kwake.

Kulikuwa na kitendawili cha bando. Ofisi ilikuwa inamaliza data kabla ya wiki kwisha na hakuna aliyejua inakoenda. Ilipotazamwa njia ya folda ya Desktop, ilikutwa imepita ndani ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft: wakati wa kuweka akaunti mtu alikubali desktopu ihifadhiwe mtandaoni, na tangu hapo kila skani na kila picha ilikuwa inapanda juu kwa data ya ofisi. Akaunti ya bure ina GB 5 tu. Ilikuwa inakaribia kujaa, na ikishajaa hata faida ya hifadhi husimama. Uhifadhi huo ulizimwa kwenye mipangilio ya OneDrive, lakini angalia hapa: ukiuzima, faili zinaweza kubaki ndani ya folda ya OneDrive na desktopu ikaonekana tupu. Hazijapotea. Zifuate kule uzihamishe mwenyewe.

Badala yake ilinunuliwa diski ya nje. Kila Ijumaa saa kumi jioni folda ya KAZI hunakiliwa humo, kisha diski huchomolewa na kuondoka na mwenye ofisi. Ikiachwa imechomekwa, umeme ukija kwa kishindo au kirusi kikiingia, vinakwenda vyote viwili. Umeme ukikatika ghafla, Word na Excel hutegemea nakala ya dharura ambayo kwa kawaida huandikwa kila dakika 10. Iliwekwa kila dakika 2. UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya kompyuta, inatosha kumpa mtu muda wa kuhifadhi na kuzima, haitoshi kuendelea na kazi.

Flashi za madereva zilihitaji kanuni yake. Kirusi kinachoficha folda na kuweka njia za mkato mahali pake bado kinazunguka kwenye kafe za intaneti na vibanda vya kuchapisha. Ukifungua flashi ukaona kila folda ina kimshale kidogo pembeni, usibofye hata kimoja. Endesha kwanza kinga ya virusi, kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badili E iwe herufi ya flashi) na folda halisi zitajitokeza. Na faili ya flashi haifunguliwi ikiwa ndani ya flashi: inanakiliwa kwenye MAPOKEZI baada ya kukaguliwa.

Lililobaki ni umakini wenyewe, na hapa kompyuta ilikuwa na lawama ndogo kuliko WhatsApp. Karani alikuwa akijaza tamko huku mazungumzo yanaruka pembeni mwa skrini, na kila moja ni la dereva anayengoja. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu akihama kutoka kazi ambayo haijaisha, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka. Kujaza namba za bidhaa na thamani zake ukiwa nusu hapa nusu kule ndiko kunakozaa makosa. WhatsApp ilihamishiwa desktopu ya pili: Windows+Ctrl+D hufungua desktopu mpya, Windows+Ctrl na mshale hukuvusha. Arifa zikazimwa kwa Focus assist wakati wa tamko. Madereva waliambiwa jambo la haraka wapige simu, na wanapiga.

Skrini pia iligeuzwa. Ilikuwa inaelekea kaunta, na mteja yeyote aliyeegemea aliweza kusoma majina na kuona picha za vitambulisho vya wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa dharura, Windows+D huangusha madirisha yote, na sasa nyuma yake hakuna kitu cha kusomwa. Windows+L hufunga skrini kabisa, nayo hutumiwa kila karani anaponyanyuka.

Wiki ya pili kulikuwa na aikoni 12, wiki ya sita 9. Zote nne za ziada ziliwekwa na wakala mwenye leseni, ambaye huingia kwa haraka, hupakua na kuacha. Alikuwa anatumia akaunti ya karani. Amefunguliwa yake, ili desktopu yake iwe yake na KAZI iwe ya wote, na njia ya mkato ya MAPOKEZI imewekwa kwake pia. Kuhama huko kulihitaji folda ya MAPOKEZI ihamishwe kutoka desktopu ya karani hadi D, maana akaunti moja haioni desktopu ya nyingine. Lingefanywa tangu siku ya kwanza, lingeokoa asubuhi nzima.

Sehemu iliyokaza haiko kwenye desktopu tena. Jedwali lilikuwa limefikisha mistari 31, na 12 kati yake zilikuwa zimepita siku 30, karibu zote za wateja walioombwa cheti kingine kisha wakanyamaza. Siku ya kufuatilia ilikuwa inasogezwa mbele kila Ijumaa bila simu yoyote kupigwa. Sasa mstari ukisogezwa mara tatu hupelekwa kwa mwenye ofisi, ambaye humpigia mteja mwenyewe au huufunga na kuandika sababu. Ijumaa ya kwanza ya kanuni hiyo ilifunga mistari saba.